Silaha za kemikali za Syria: mkwara, mazungumzo na meli zilizobeba sumu (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Kila vita ya wenyewe kwa wenyewe ikipamba moto mahali, lazima atokee mtu aseme si wafanye kama Syria 2013, walitishiwa tu wakasalimisha sumu yao yote, halafu mwingine anamjibu kwamba ile ilikuwa danganya toto. Nadhani wote wawili wamekosea, na wamekosea kwenye jambo lililohusu roho za watu wengi sana, watoto wengi sana, ndo maana nimeamua kuyaweka hapa maswali yanayojirudia na kuyajibu kadiri ninavyolifahamu hili suala.

Kwani Syria ilikuwa na hizo silaha kweli au ni kama yale ya Iraq?

Ilikuwa nazo. Hofu ya Iraq naielewa, mwaka 2003 dunia iliambiwa kuna silaha na hazikupatikana, kwa hiyo watu kushtuka ni haki yao. Ila Syria ni tofauti kwa sababu mwisho wa siku serikali yenyewe ndo iliyoandika orodha na kuikabidhi. Miaka mingi Damascus walikuwa hawakubali wala hawakatai, silaha hizo walizihesabu kama kinga yao dhidi ya Israel. Halafu Julai 2012, vita ikiwa na mwaka na ushee, msemaji wa wizara ya mambo ya nje Jihad Makdissi akasema silaha za namna hiyo hazitatumika kwa Wasyria, ni za kumzuia mvamizi kutoka nje. Hapo ndo ikawa kama wamekiri mbele ya dunia. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Agosti 2012, Obama akatamka ule mstari mwekundu, kwamba zikianza kuhamishwa hamishwa au kutumika basi mahesabu yake yatabadilika.

Walipokuja kuzitangaza rasmi zilikuwa kama tani 1,300, na karibu tani 1,000 kati ya hizo ni zile za daraja la hatari zaidi, majengo na mitambo 41 kwenye maeneo 23. Sehemu kubwa haikuwa sumu iliyokamilika, zilikuwa kemikali ambazo zikichanganywa na nyingine ndo inapatikana sarini. Shikilia hilo, maana bila hivyo kuzisafirisha katikati ya vita kungekuwa karibu haiwezekani.

Sarini ni kitu gani hasa?

Kama umekulia sehemu za pamba au kahawa utanielewa haraka. Mtu akivuta au akinywa ile dawa ya kuulia wadudu ya jamii ya oganofosfeti, mate yanamtoka, jasho linamtoka, mboni za macho zinasinyaa zinakuwa kama ncha ya sindano, misuli inatetemeka, mwisho pumzi inakata. Hospitali wanampiga atropini na kumsaidia kupumua. Sarini ni ndugu wa damu wa dawa hizo, ilipatikana Ujerumani 1938 na wanakemia waliokuwa wanatafuta sumu ya wadudu, sema makali yake hayafanani kabisa, tone dogo tu linatosha kuua mtu mzima. Haina rangi wala harufu ya kukustua. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, unaingia mabondeni na kwenye vyumba vya chini ya nyumba.

Hilo la vyumba vya chini linaniuma kila nikilifikiria. Watu wa Ghouta, vile vitongoji vya Damascus vilivyopigwa sarini 2013, walikuwa wamezoea kukimbilia chini mizinga ikianza, ndivyo walivyojifunza kuokoa watoto wao, na usiku ule kule chini ndo kulikokuwa na mauti.

Ilikuwaje Ghouta?

Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2013 roketi zilianguka kwenye vitongoji vya Damascus vilivyokuwa mikononi mwa waasi, Zamalka na Ein Tarma upande wa mashariki, Moadamiya upande wa magharibi. Madaktari Wasio na Mipaka walisema hospitali 3 walizokuwa wanazisaidia zilipokea wagonjwa kama 3,600 ndani ya muda usiofika masaa matatu, na 355 kati yao wakafa. Serikali ya Marekani ilitoa hesabu ya vifo 1,429, wakiwemo watoto wasiopungua 426, na wengine walitoa hesabu za chini ya hapo. Ukichukua yoyote kati ya hizo bado ni msiba mkubwa mno.

Cha kushangaza ni kwamba wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Msweden Åke Sellström walikuwa Damascus tayari, walifika siku tatu kabla kuchunguza madai mengine likiwemo la Khan al-Assal la mwezi Machi, na hizi roketi zimeanguka mwendo mfupi tu kutoka hotelini kwao. Ilibidi wasubiri mpaka tarehe 26 kuruhusiwa kwenda, na siku hiyo gari lao lilipigwa risasi na mdunguaji, wakabadilisha gari wakaenda hivyo hivyo. Wakachukua damu, udongo na vipande vya roketi, na ripoti yao ya Septemba 16 ikathibitisha sarini imetumika. Hawakutaja aliyefyatua kwa sababu hawakutumwa kutaja, na watu wengi mpaka leo wanalitumia hilo kama utetezi, wakati ni suala la kazi waliyopewa tu.

Mbona Obama hakupiga wakati mstari ulishavukwa?

Alikaribia sana. Manowari zenye makombora zilikuwa Mediterania zinasubiri amri, Ufaransa ya Hollande ilikuwa tayari. Halafu Agosti 29 bunge la Uingereza likapiga kura 285 kwa 272 kukataa kushiriki, kivuli cha Iraq hicho, na siku mbili baadaye Obama akatangaza kwamba ameamua kupiga lakini anataka kwanza kibali cha Congress, yaani bunge la Marekani. Na kule Congress hali haikuwa nzuri, hata ndani ya chama chake.

Wengi wanasema alitia woga. Mimi siendi huko moja kwa moja, mtu anayesita kuingiza nchi yake kwenye vita nyingine simlaumu, ila kosa naliona kwenye kuutamka mstari mwekundu mwaka mzima kabla bila kujua utaulinda na nini. Ukishaweka neno lako hadharani watu wanajipanga kwa kuliamini, na waliokuwa wanaliamini kuliko wote walikuwa raia wa kule chini.

Basi wazo la kuzitoa lilitoka wapi?

Septemba 9, London, mwandishi alimuuliza John Kerry, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, kama kuna kitu rais wa Syria Bashar al-Assad anaweza kufanya akaepuka kupigwa. Kerry akajibu kwamba angeweza kukabidhi silaha zake zote za kemikali ndani ya wiki moja, halafu papo hapo akaongeza kwamba hatafanya hivyo na haiwezekani. Masaa machache baadaye mwenzake wa Urusi Sergei Lavrov akaidaka ile kauli akasema sawa, tunaishauri Syria ifanye hivyo, na waziri wa Syria Walid Muallem aliyekuwa Moscow siku hiyo hiyo akasema wanalipokea. Watu wanapenda kusimulia kama bahati, ulimi uliteleza dunia ikapona, lakini Obama na Putin walikuwa wameshaongea siku chache nyuma kwenye mkutano wa G20 kule St. Petersburg. Mlango ulikuwa umeshasukumwa kidogo.

Wakakaa Geneva siku tatu, na Septemba 14 Kerry na Lavrov wakatoka na makubaliano. Siku hiyo hiyo Syria ikawasilisha hati za kujiunga na Mkataba wa Silaha za Kemikali, ule ulioanza kazi 1997 na unaosimamiwa na shirika la OPCW lenye makao The Hague.

Sasa kilichofanya kazi ni mkwara au ni mazungumzo?

Hili ndo swali lenyewe, na sitalijibu kwa sentensi moja.

Angalia kwanza miaka miwili ya nyuma. Mazungumzo matupu yalikuwepo, Kofi Annan, mpatanishi aliyetumwa na Umoja wa Mataifa, alihangaika na mpango wake 2012 mpaka akaachia ngazi, na kwenye Baraza la Usalama Urusi na China walishapiga kura ya turufu mara tatu. Hakuna pipa hata moja lililosogea. Mkwara wa maneno nao ulikuwepo mwaka mzima na silaha zikatumika bado. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mpaka Agosti 2013 fimbo ilikuwa mbali. Kilichobadilika ni kwamba iliposogea, ikaonekana kwa macho pale baharini, Damascus na Moscow wakaanza kupiga hesabu upya: mashambulizi ya Marekani yangeweza kuelemeza vita upande wa waasi, na hizi sumu hazikuwa zinamshindia Assad vita. Faida ndogo, hatari kubwa.

Ila fimbo peke yake isingetosha, na hapa ndo naona watu wanaruka. Jiweke kwenye nafasi ya Assad. Umemuona Gaddafi, 2003 alikubali kuachana na mpango wake wa silaha za maangamizi, akapeana mikono na wakubwa, 2011 akaangushwa kwa msaada wa ndege za hao hao. Sasa unaambiwa toa silaha tusikupige. Utauliza, nikishatoa nani ananihakikishia hamtanipiga? Mkwara unamsogeza mtu pale tu anapoamini vitu viwili kwa pamoja, kwamba akikataa atapigwa kweli na kwamba akikubali hatapigwa kweli. La kwanza lilitoka kwa Marekani. La pili Marekani isingeweza kumpa Assad akaliamini, ikabidi litoke kwa Urusi, rafiki yake, ambaye naye alikuwa na maslahi yake ya kutotaka kuona mshirika wake anapigwa. Na Obama naye alipata njia ya kutoka kwenye kura ambayo angeweza kuishindwa. Hakuna aliyefanya kwa wema wa moyo, maslahi yao yalikutana tu mahali pamoja, kwa muda mfupi, na waliokuwa Geneva walijua kuutumia huo muda.

Septemba 27 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2118 kwa kura zote 15. Rwanda ilikuwa mjumbe wa baraza mwaka ule, kwa hiyo jirani yetu yumo kwenye hizo kura.

Kwa hiyo azimio lilisema wasipotii watapigwa?

Hapana, na hapo ndo kwenye ufa. Lilisema wakikiuka baraza litachukua hatua chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ile inayoruhusu vikwazo na hata nguvu, lakini ili hizo hatua zichukuliwe ingebidi azimio jingine, na azimio jingine maana yake turufu ya Urusi inakusubiri mlangoni. Bila kukubali hivyo makubaliano yasingekuwepo kabisa, naelewa, lakini bei yake ilikuja kulipwa baadaye na watu ambao hawakuwepo Geneva.

Walizitoaje huku risasi zinarindima?

Hii sehemu naipenda kwa sababu ni kazi ya mikono ya watu halisi, madereva, mabaharia, wanakemia. Wakaguzi wa kwanza walifika Damascus Oktoba 1, ujumbe wa pamoja wa OPCW na Umoja wa Mataifa, baadaye ukaongozwa na Mholanzi Sigrid Kaag, mama anayeongea Kiarabu vizuri. Walianza na mitambo, kabla ya Novemba vifaa vya kutengenezea na kujazia sumu vikawa vimeharibiwa, vingine kwa kukatwa na mashine, vingine kwa kupondwa tu. Katikati ya hiyo kazi, Oktoba 11, OPCW ikapewa Nobel ya Amani.

Kigumu kikawa kemikali zenyewe. Kawaida nchi inaharibu sumu yake ndani ya mipaka yake, ila utajengaje kiwanda cha namna hiyo vitani? Wakatafuta nchi ya kuzipokea, Albania ikaombwa, vijana wakaandamana Tirana, na waziri mkuu Edi Rama Novemba akakataa. Siwalaumu wale vijana, nani anataka sumu ya jirani uani kwake. Ndo likaja wazo la kuziharibu ndani ya meli.

Ndani ya Syria jeshi la serikali lenyewe ndo lilizisafirisha kwa barabara mpaka bandari ya Latakia, Urusi ikatoa malori ya deraya, Marekani kontena na vifaa vya kufuatilia shehena, China kamera na magari ya wagonjwa. Bandarini zikapakiwa kwenye meli mbili za mizigo, Ark Futura ya Denmark na Taiko ya Norway, na manowari za kusindikiza zilikuwemo za Denmark, Norway, Uingereza, Urusi na China. Hebu fikiria, nchi zilizokuwa hazikubaliani kitu chochote kuhusu hiyo vita zikilinda mzigo mmoja.

Ratiba iliyumba sana. Sumu kali zilitakiwa ziwe nje kufikia Desemba 31, 2013, shehena ya kwanza ikaondoka Januari 7. Tarehe ya Februari ikapita, ya Aprili ikapita, serikali inasema barabara si salama, Wamarekani wanasema Assad anavuta muda makusudi, na nadhani vyote viwili vilikuwa kweli kwa sehemu. Asilimia 8 ya mwisho ilikwama kwenye eneo moja kwa sababu ya mapigano. Shehena ya mwisho ilipakiwa Juni 23, 2014.

Waliimwaga baharini?

Hapana, na hili watu wa Krete na Italia waliliogopa sana mwaka ule, kwa haki kabisa. Kilichofanyika ni hiki: Julai 2 kwenye bandari ya Gioia Tauro, Italia, kontena zilihamishiwa meli ya Marekani Cape Ray, ambayo tumboni ilifungwa mitambo miwili ya hidrolisisi. Kwa lugha rahisi ni kuvunja kemikali kwa kuichanganya na maji, na kwa ile gesi ya haradali, sumu inayobabua ngozi, ni maji ya moto na magadi makali ya viwandani. Kama tani 600 zilivunjwa hivyo mpaka katikati ya Agosti 2014, na maji machafu yaliyobaki yakapelekwa Ujerumani na Finland kuchomwa na kusafishwa. Kemikali nyingine zilienda viwandani Uingereza, Finland na Marekani. Pipa la mwisho liliharibiwa Texas, Januari 2016.

Zilitoka zote?

Zilitoka zote zilizotangazwa. Neno zilizotangazwa ndo lenye uzito. Wakaguzi walikuta mapengo kwenye ile orodha tangu mwanzo, kila wakiuliza wanapewa marekebisho, na marekebisho yanazaa maswali mapya. Halafu klorini haikuguswa kwa sababu ni ya kusafishia maji, huwezi kuipiga marufuku nchi nzima, na kuanzia Aprili 2014, kabla hata shehena ya mwisho haijaondoka, mapipa ya klorini yakaanza kudondoshwa na helikopta kwenye vijiji kama Talmenes na Kafr Zita.

Aprili 4, 2017 ikaja zamu ya mji wa Khan Shaykhun, sarini tena. Uchunguzi wa pamoja wa Umoja wa Mataifa na OPCW ukasema ni serikali, na Novemba mwaka ule Urusi ikatumia turufu uchunguzi huo ukafa. Aprili 7, 2018 Douma, klorini, kwenye Ghouta ile ile.

Kwa hiyo ilikuwa bure?

Siwezi kusema bure. Tani 1,300 hazipo. Kumbuka kwamba 2014 na 2015 ISIS iliteka kambi za jeshi na maeneo makubwa ya nchi, na hao walishatumia haradali ya kujitengenezea, sasa fikiria wangekuta maghala. Lakini pia siwezi kumuangalia mtu wa Khan Shaykhun usoni nikamwambia mpango ulifaulu. Tatizo langu ni kwamba silaha ilichukuliwa ila aliyeitumia akabaki na akageuzwa mshirika, maana bila saini yake na malori yake hakuna kinachotoka, na mabomu ya kawaida, yale mapipa ya baruti, yaliendelea kuua kila siku bila mstari wowote. Wasyria wengi walielewa ujumbe kwamba ni ruhusa kufa ila si kwa gesi. Na kontena la mwisho lilipovuka, fimbo ikarudishwa mbali, wakati maswali ya wakaguzi yalikuwa bado mezani.

Yale makombora ya Trump yalisaidia?

Kidogo na kwa muda. Makombora 59 ya Tomahawk yalipiga uwanja wa ndege za kivita wa Shayrat Aprili 2017, mwaka mmoja baadaye ikaja Douma, halafu Marekani, Uingereza na Ufaransa wakapiga na makombora 105. Hayakuwa na meza ya mazungumzo baada yake, hakuna Geneva, hakuna meli, kwa hiyo hayakutoa hata pipa moja. Linganisha na 2013 ambapo hakuna kombora lililorushwa.

Sisi Afrika Mashariki linatuhusu nini?

Linatuhusu kuliko tunavyodhani. Jirani zetu wa Ethiopia walimwagiwa haradali na ndege za Italia 1935 na 1936, ingawa Italia ilishasaini itifaki ya 1925 ya kukataza gesi, na Haile Selassie akaenda mwenyewe Geneva kuyaeleza mataifa, wakamsikiliza wakamuacha. Hapo mazungumzo yalikuwepo bila fimbo yoyote. Leo Kenya na Tanzania ni wanachama wa mkataba, ila Sudan Kusini, mwenzetu kwenye Jumuiya, ilibaki nje miaka mingi tangu uhuru wake, na hiyo ni nchi iliyopitia vita ya wenyewe kwa wenyewe.

Na sasa hivi hali ikoje?

Aprili 2021 nchi wanachama wa OPCW ziliinyang'anya Syria haki ya kupiga kura. Novemba 2023 majaji wa Ufaransa walitoa hati ya kumkamata Assad kwa ajili ya Ghouta, Julai 2025 mahakama ya juu kule ikaifuta kwa sababu alikuwa na kinga ya urais hati ilipotolewa, ila ikaacha njia ya kutoa mpya. Katikati ya hapo, Desemba 8, 2024, Assad alikimbilia Moscow. Februari 2025 mkurugenzi wa OPCW Fernando Arias alitua Damascus akakutana na kiongozi mpya wa Syria Ahmed al-Sharaa, na mwaka huo huo wakaguzi wakaanza kurudi kwenye maeneo ambayo orodha ya 2013 haikuyataja. Na safari hii watu wa Zamalka na Moadamiya, waliokaa miaka zaidi ya kumi wakiogopa hata kutamka neno gesi, wanawaonyesha wageni zile nyumba na vile vyumba vya chini, na kuwataja waliofia humo kwa majina yao.